Mokeira na Lango la Kichwani

Haya, wewe uliyekaa hapo, sogea karibu unijibu. Kuna mji ambao ukuta wake ni mwembamba kuliko utando wa juu ya maziwa yaliyopoa. Hauna askari mwenye rungu wala mbwa wa kubweka. Sumu nyingi zikija hurudishwa, vijidudu vikija hurudishwa, hata dawa nyingine nzuri zenye sifa zake huachwa nje zikibisha. Lakini sukari ikifika hufunguliwa, ikaingia kama mwenye nyumba. Mji huo unao, nami ninao, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuona wake. Ni mji gani?

Umeshindwa? Usiniharakishie kunipa Keroka niwe chifu wake. Kaa nacho kidogo. Mokeira mwenyewe, ambaye vitendawili kwake ni kama uji wa asubuhi, alikaa na hiki hadi ndizi zote za sufuria zikaisha kumenywa.

Mokeira ni wa Ekerenyo, upande ule ambako mashamba ya majani chai yanateremka mpaka mtoni na migomba imesimama kwenye mipaka kama majirani wanaosikiliza. Ni mjane wa Onchiri. Ana miaka sabini na mmoja, na anaishi boma moja na mwanawe Mose na mkaza mwana wake, Gladys. Ukimuuliza mtu yeyote sokoni Mokeira ni nani, hatakuambia habari ya umri wala ya ujane. Atakuambia, "Ah, yule mkaguzi!"

Kwa miaka kumi na tisa wakulima walimchagua yeye akague majani kwenye kituo cha kuuzia majani chai, kabla karani hajayatia kwenye mizani. Sheria ilikuwa majani mawili na kichipukizi, basi. Wengine wangeangalia juu juu wakapitisha. Mokeira alikuwa anazamisha mkono kikapuni mpaka kwenye kiwiko, anafumba macho, na vidole vyake vinasoma kule chini. Siku moja jirani yake Osoro alileta kikapu kilichopendeza mno. Mokeira akazamisha mkono, akautoa na ngumi ya majani magumu kama ngozi.

"Osoro," akasema, watu wote wakisikia, "huku juu umeweka harusi, kule chini umeweka matanga. Rudi ukachambue."

Na usidhani alikuwa anaonea majirani. Onchiri mwenyewe, mume wake wa ndoa, alirudishwa mbele ya foleni nzima. "Baba Mose, chambua." Jioni hiyo Onchiri alikula ugali ameangalia ukuta. Lakini siku alipokuwa anasimulia habari za mke wake kwa wageni, hiyo ndiyo aliyoanza nayo, tena anaisimulia akicheka hadi anafuta macho.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Mokeira hajawahi kunywa chai. Ni Msabato wa zamani, wa wale ambao chai na kahawa hazipiti mlangoni kwao. Siku hizi wako Wasabato wanaokunywa, sitawataja, nao wanajijua. Yeye chai yake ni soya. Anaikaanga mwenyewe, anaisaga, anaichemsha na maziwa mpaka inakuwa nzito na ya rangi ya udongo wa huku kwetu. Asubuhi kikombe, saa sita kikombe, jioni kikombe. Na kanisani Mokeira ni shemasi, kazi yake ni Meza ya Bwana. Kila Sabato ya kumi na tatu, ile ya kufunga robo ya mwaka, yeye ndiye anayemimina maji ya zabibu katika vile vikombe vidogo vya kioo, vikombe mia moja na ishirini, kila kimoja si kikubwa kuliko kifuniko cha chupa ya dawa. Miaka yote hiyo, kitambaa cheupe cha meza hakikuwahi kupata tone.

Kisha mikono ikaanza.

Ulianza mkono wa kulia. Akikaa tu, kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinasuguana vyenyewe, kama mtu anayeviringisha punje ya wimbi. Baadaye ukaja ugumu, mikono ikawa mizito, hatua zikawa fupi. Mose akampeleka kliniki mjini Nyamira kwa Daktari Haron, naye akawaambia ugonjwa unaitwa Pakinsoni, hauambukizi, haukuletwa na jicho la mtu, na vidonge vyake vipo. Akamwambia, "Mama, meza mara tatu kwa siku, nusu saa kabla ya chakula." Mokeira akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema.

Mwezi wa kwanza vidonge vilifanya kazi hata watu wakashangaa. Mokeira alichuma majani mstari mzima. Lakini vilikuwa vinamtibua tumbo, anasikia kichefuchefu. Gladys, ambaye ana moyo wa kuhudumia, akasema, "Mama, usimeze na maji baridi hivyo tumbo likiwa tupu. Nitakuwa nakuletea soya ya moto." Tumbo likatulia. Na baada ya siku chache, mikono ikarudi kutetemeka kama zamani.

Hapo ndipo ushauri ulipoanza kumiminika. Mmoja akasema vidonge ni vya bandia. Mwingine akasema aongeze viwe viwili viwili. Dada wa kanisa wakaja kumpa pole, kila mmoja na mfuko wa soya mkononi, maana walijua anachopenda. Kadiri walivyompenda ndivyo mikono ilivyozidi.

Robo iliyopita, Sabato ya kumi na tatu ikamkuta katika hali hiyo. Alipofika safu ya tatu ya vikombe, jagi likagonga kikombe, kikombe kikaangusha kingine, na maji ya zabibu yakatanda kwenye kitambaa cheupe, zambarau, yakienda polepole kama yanayotafuta njia. Nyasani, shemasi kijana, alimshika mkono kwa upole akamwambia, "Mama, si utuachie sisi? Wewe kaa tu utuombee."

Mokeira alikiosha kitambaa kile siku tatu mfululizo. Ndimu, chumvi, jua. Doa likafifia, halikutoka lote.

Sasa robo nyingine ilikuwa inaelekea mwisho, zimebaki Sabato tano. Mzee wa kanisa, Makori, akamfuata baada ya ibada akiwa na karatasi ya zamu. Makori ni mtu wa taratibu, hata akikusalimia unahisi ameandika mahali. Majina yote yalikuwa yamejazwa: wa kuoka mkate, wa kukunja vitambaa, wa maji ya kuoshana miguu. Mstari mmoja ulikuwa mtupu.

"Dada Mokeira," akasema, akiangalia karatasi asiiangalie ile mikono, "nani atamimina? Niandike nani?"

Mokeira aliuangalia ule mstari. Alijua akisema Nyasani, hatarudishiwa jagi tena maishani. Alijua pia akisema jina lake, huenda meza nzima ikageuka zambarau mbele ya kanisa zima.

"Nitakujibu, Mzee Makori," akasema. Akaenda nyumbani.

Jumapili ya wiki iliyofuata, Bitutu akaja kutoka Kisii. Bitutu ni binti ya Mose na Gladys, anasomea ufamasia katika chuo cha tiba, mwaka wake wa mwisho. Amepewa jina la mama mzazi wa Mokeira, kwa hiyo Mokeira humwita "mama yangu," na mtoto huyo tangu akiwa na meno mawili ameitikia bila kucheka. Yeye humwita bibi yake Magokoro, kama watoto wote wa huku wanavyowaita bibi zao.

Walikaa nje ya jiko na sufuria la ndizi za kumenya katikati yao. Bitutu alikuwa na daftari magotini, anajiandaa kwa mtihani. Mokeira alikuwa anamenya pole pole, kisu kikicheza.

"Mama yangu, mbona midomo inatembea bila sauti? Unasali au unatukana?"

"Nakariri, Magokoro. Subiri, nikutegee hiki."

"Wewe? Unitegee mimi? Ni nani aliyekufundisha kutega?"

"Ni wewe. Sasa utegwe na mtego wako." Bitutu akafunga daftari, akamtega kile kile nilichokutega wewe.

Mokeira akaacha kumenya. "Yai."

"Yai nani analipelekea sukari?"

"Mzinga wa nyuki."

"Nimesema hakuna askari. Nyuki si askari hao?"

"Tumbo la mama mwenye mimba."

Bitutu akafikiri. "Umekaribia kuliko mwalimu wangu angekaribia. Lakini mimi sina mimba, na mji huo ninao. Baba naye anao."

"Mose ana mji ambao sumu hairuhusiwi kuingia? Mose yule anayekula chapati za kibandani?" Mokeira akacheka. Akajaribu mara nne zaidi, ndizi zikaisha. "Haya. Chukua Kisumu."

"Kisumu kuna joto."

"Basi chukua Nyamira na maofisi yote ya kaunti, ukawasumbue wao."

"Nimechukua." Bitutu akainua mkono, akaugusa utosi wa bibi yake juu ya kitambaa. "Ni ubongo."

Kisha akamweleza. Alimweleza kwa vitu vya nyumbani, maana Mokeira aliishia darasa la sita, lakini ukimpa kitu anachokijua atakufikisha mbali nacho.

"Damu inazunguka mwili mzima, Magokoro. Mishipa yake midogo ya mkononi, ya tumboni, ukuta wake una vipenyo, kama kikapu cha kuchumia majani. Vitu vinapenya kutoka na kuingia. Lakini ile ya kichwani imefumwa kama ekee."

Mokeira akaitikia. Ekee anaijua, kile kikapu cha ugali wa wimbi kinachofumwa nyuzi zikabanana hata mvuke hautoki. Amefuma nyingi, zamani, vidole vilipokuwa vinamtii.

"Chembe za ukuta zimeshikana bega kwa bega. Hakuna upenyo. Mtu anaweza kuwa na vijidudu kwenye damu, na mara nyingi visiufikie ubongo. Amekula kitu kibaya, mwili unaumwa, lakini akili yake bado inajua jina lake. Ukuta huo ndio uliozuia."

"Na vinavyotakiwa vinapitaje?"

"Hewa tunayovuta inapenya yenyewe. Vingine vina milango. Sukari ina mlango wake na mbebaji wake. Vipande vya protini, vile vinavyobaki maharagwe au nyama ikishasagwa tumboni, navyo vina mlango wao. Huna mlango, huingii."

"Na pombe?"

"Pombe inapenya tu, Magokoro. Haiulizwi."

"Nilijua," akasema Mokeira. "Ningekuwa mimi hapo langoni isingepita." Akagusa kichwa chake kwa kiganja, polepole, kama anayekagua kitu kilicholetwa na mgeni. "Kumbe nimetembea na mkaguzi humu ndani miaka sabini na mmoja. Na mimi nikidhani mkaguzi wa Ekerenyo ni mmoja."

Alifurahi, nakuambia. Mgongo ulinyooka. Tangu siku ya lile doa alikuwa anakiona kichwa chake kama nyumba iliyoporomoka, na sasa anaambiwa ndani yake kuna mtu wa kazi hajalala hata siku moja.

"Sasa niambie," akasema, "dawa yangu inafanya nini huko?"

"Ubongo wako umepungukiwa na kitu kinaitwa dopamini. Ndicho kinachosaidia kuuambia mkono tulia, mguu nyanyuka. Lakini ukimeza dopamini yenyewe, ikifika langoni inarudishwa."

"Hata kama inahitajika ndani?"

"Hata kama. Haina mlango."

"Ni mkaguzi wa haki. Mimi pia sikuuliza shida ya mtu. Niliangalia jani."

"Ndiyo sababu wataalamu wakatengeneza ile inayoizaa dopamini. Inafanana na vipande vya protini. Inafika pale, inabebwa kwa mlango wa protini kama wenzake. Ikishaingia ndani, ndipo inageuka kuwa dopamini."

Mokeira akajipiga kofi pajani. "Osoro!" akapaza sauti. "Hiyo ni kazi ya Osoro kabisa! Juu umeweka kitu kingine, chini kitu kingine. Ila huyu wa dawa amefanya kwa wema."

Wakacheka mpaka kuku wakaondoka. Katikati ya kicheko hicho Gladys akatoka jikoni. Ilikuwa saa kumi, saa ya kidonge. Mkono mmoja kidonge kwenye kisahani, mkono mwingine kikombe cha soya kinachotoa mvuke.

"Mama, dawa."

Mokeira akachukua kidonge. Akapokea kikombe, nacho kikaanza kucheza mkononi, soya ikigonga ukingo huku na huku. Akakiinua hadi karibu na midomo. Akakomea hapo hapo.

Mimi nasema ni ile miaka kumi na tisa ya kituoni iliyomshika mkono. Aliangalia ndani ya kikombe kwa namna ile ile aliyokuwa anaangalia vikapu, macho yakiwa nusu yamefumba.

"Mama yangu," akamwambia Bitutu, "huo mlango wa protini ni mmoja?"

"Ni wa aina moja, ndiyo. Wote wanapita hapo."

"Na kanisani, wanaposema soya ndiyo nyama ya Msabato, wana maana gani?"

Bitutu akageuka kukitazama kikombe.

"Siku ya majani mengi," Mokeira akaendelea, bado anaangalia kikombe, "mizani kituoni ilikuwa moja na mlango mmoja. Wenye mashamba makubwa wakileta vikapu kumi kumi, yule mjane aliyekuja na kikapu kimoja alikuwa anakaa nje mpaka majani yake yananyauka. Si kwamba majani yake ni mabaya. Hakufikiwa." Akaweka kikombe chini, juu ya jiwe. "Kidonge hiki ni kikapu kimoja. Na mimi nimekitangulizia shamba zima."

Bitutu akafungua daftari, akapekua haraka haraka, akafika ukurasa fulani na kuweka kidole.

"Iko hapa. Nimeiandika kwa mkono wangu, nikaipigia mstari mara mbili. Protini inashindania mlango na hii dawa, tumboni na kule kichwani. Na mwezi uliopita ni mimi niliyekuletea kilo mbili za soya kutoka Kisii."

"Lakini daktari alisema kabla ya chakula!" Gladys akasema. "Na hatujawahi kumpa chakula kabla ya nusu saa. Hata siku moja!"

"Soya si chakula," Mokeira akasema. "Soya ni chai yetu."

Wakaangaliana wote watatu. Gladys ndiye aliyekaa chini kwanza, juu ya kigoda, aproni ikiwa imemfunika magoti. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Nimekuwa nikiamka saa kumi na moja kukuchemshia. Mara tatu kwa siku. Ni mimi niliyekuwa nakufungia mlango."

Mokeira akanyanyuka. Kunyanyuka kwake siku hizo kulikuwa safari, lakini alifika pale kwa mkaza mwana wake akamshika bega. "Gladys. Mimi ndiye niliyeikubali nikaipenda. Na kama si mkono wako kuleta hicho kikombe saa hii, ningejua wapi? Niletee maji."

Bitutu hakutaka wabadilishe lolote kwa kichwa chao. Jumatatu hiyo hakurudi chuoni asubuhi, alimpeleka bibi yake Nyamira kwanza. Daktari Haron alikuwa ameshaandika kwenye kadi kwamba aongeze dozi. Aliposikia habari ya soya akaweka kalamu chini.

"Vikombe vingapi kwa siku?"

"Vitatu," akasema Mokeira. "Wageni wakija, vinne."

"Na kila kidonge na kikombe." Daktari akakata alichokuwa ameandika. "Dozi ibaki ile ile. Maji matupu, nusu saa kabla ya chakula au saa moja baadaye, na nilipaswa kukuambia kwamba soya ni chakula. Tumbo likitibuka, ndizi mbivu moja, haina ugomvi na dawa. Soya kunywa jioni, mbali na kidonge. Usiiache kabisa, mwili nao unajengwa." Akawaangalia. "Ni nani aliyegundua?"

"Magokoro," akasema Bitutu.

"Huyu," akasema Mokeira wakati huo huo, akimwonyesha kwa kidevu. "Ndiye aliyenionyesha lango. Mimi nilihesabu vikapu tu."

Daktari akacheka, halafu akawa mzito kidogo. "Mama, nisikudanganye. Kidonge hakiondoi ugonjwa. Kinakuazima mikono yako kwa saa tatu, pengine nne, halafu kinaichukua tena."

"Saa tatu zinatosha," akasema Mokeira. Hakumwambia zinatosha nini.

Hakupona siku ya kwanza, usidhani ni muujiza ninaokusimulia. Lakini wiki haikuisha kabla hajafunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe. Gladys, ambaye sasa alikuwa ameapa kumpigania, akakusanya vifuniko vya soda kutoka kwa kila kibanda cha soko la Ekerenyo. Kila asubuhi, saa moja kidonge na maji na ndizi mbivu, saa mbili vifuniko arobaini vinapangwa mezani na Mokeira anamimina maji. Asubuhi ya kwanza alimwaga vifuniko kumi na vinne. Gladys akapangusa meza akasema, "Tena." Wiki ya pili, vitano. Kuna siku katika wiki ya tatu alimwaga tisa, akaingia ndani akafunga mlango, na Gladys akavipanga upya, akaketi akamngoja mpaka akatoka.

Makori alikuwa anapita barabarani siku moja, akasimama kwenye ua. "Dada Mokeira, ile karatasi bado ina mstari mtupu."

"Naijua, Mzee Makori."

"Na nitalijua jibu lini?"

"Bado nakagua."

Basi ikafika Sabato ya kumi na tatu. Bitutu alikuja tangu Ijumaa, na saa moja kamili asubuhi alisimama mbele ya bibi yake na kidonge, bilauri ya maji na ndizi moja mbivu, kama anayemvisha askari silaha. Saa mbili walikuwa kwenye kile chumba kidogo cha nyuma ya kanisa. Meza ilikuwa tayari. Kitambaa kilikuwa kile kile. Ukiinama dhidi ya mwanga wa dirisha, kivuli cha doa bado unakiona. Vikombe mia moja na ishirini vilikuwa vimepangwa kwenye sinia zake. Nyasani alikuwa amesimama pembeni, amekunja mikono ya blauzi, yuko tayari. Kwenye mlango alisimama Makori na karatasi yake na kalamu.

"Dada Mokeira. Ibada inaanza. Nani atamimina?"

Mokeira alisogea mezani. Aliinua jagi kwa mikono miwili, akakaa hivyo kidogo, kama anavyofanya mtu anayesikiliza kitu ndani ya nyumba. Nadhani alikuwa anamsikiliza yule mwenzake wa ndani, mkaguzi wa kichwani, kama amefungua. Kisha akamimina.

Safu ya kwanza ikajaa. Ya pili. Kila kikombe kinalia kidogo kinapopokea, sauti ndogo kama ya mtoto anayemeza. Safu ya tatu, pale pale ilipotokea robo ile, mkono wa kulia ukashtuka. Tone likajikusanya kwenye mdomo wa jagi, zambarau, likaning'inia. Nyasani akasogea. Bitutu akamshika nguo. Mokeira akangoja. Hakuvuta, hakusukuma, alikaa na tone lile mpaka mkono ukakumbuka kazi yake. Likaanguka ndani ya kikombe.

Safu ya nne, ya tano, ya sita. Nyasani hakuwa pembeni tena. Alikuwa amesogea mezani, anamgeuzia sinia moja baada ya nyingine, anaangalia vile vidole kwa macho ya mtu anayejifunza. Mokeira akamwambia bila kuinua kichwa, "Shingo ya jagi iguse hewa tu, isiguse kioo. Umeona?"

"Nimeona, Mama."

Kikombe cha mia moja na ishirini kikajaa. Mokeira akaweka jagi chini. Kanisani watu walikuwa wameanza wimbo wa kufungulia, unaingia kupitia ukutani. Akapitisha kiganja juu ya kitambaa, kutoka mwisho mmoja wa meza hadi mwingine, akifumba macho kama alivyokuwa anafanya zamani kikapuni. Kilikuwa kikavu chote.

Ndipo akamgeukia Makori, ambaye kalamu yake ilikuwa bado iko juu ya mstari mtupu.

"Andika Mokeira," akasema.